Dijitali Kurudi Analojia: Kile Kisanduku cha Nyuma ya TV, na Ni Lini Ukibadilishe

Shemeji yangu anayeishi Lanet, Nakuru, alinipigia simu Jumapili moja jioni akiwa amefura. Alikuwa amenunua runinga mpya, ile nyembamba ya kutundikwa ukutani. Wufa yake ni ya zamani, sanduku moja la besi na spika mbili ndogo. Imepiga muziki kwenye harusi mbili na matanga nisiyoweza kuyahesabu, na nyuma ina matundu mawili tu ya kuingizia sauti: jekundu na jeupe. Runinga mpya haina matundu hayo. Dukani wakamwambia anunue kisanduku cha kugeuza dijitali kuwa analojia.

“Shemeji,” akasema, “2015 nilihamia dijitali kama Wakenya wengine. Nilipiga foleni nusu siku kununua dikoda. Sasa nauziwa kifaa cha kunirudisha analojia. Huu si wizi?”

Si wizi, lakini hasira yake ina historia. Kwetu Kenya neno analojia limegeuka tusi. Kwenye kampeni za 2013 upande mmoja ulijiita timu ya dijitali, na wazee wa upande wa pili wakabandikwa jina la analojia. Miaka miwili baadaye mitambo ya analojia ya runinga ikazimwa, na asiyekuwa na dikoda akabaki akitazama chenga kwenye kioo. Tangu hapo mtoto wa darasa la sita akitaka kumwambia babake kwamba amepitwa na wakati, anamwambia yeye ni analojia. Ndiyo maana mtu akiuziwa kifaa cha kutoka dijitali kwenda analojia anahisi amekatiwa tiketi ya matatu inayorudi nyuma.

Wiki mbili baadaye alipiga tena. Kisanduku alikinunua, shilingi 1,200, na hakitoi sauti. Muuzaji alikuwa anamshauri aongeze pesa achukue kikubwa zaidi, cha 9,000, chenye “chipu ya maana”. Hapo nikaona afadhali niandike, kwa sababu hata hapa Kisumu nimeulizwa swali hilo na watu watatu mwaka huu, na wote watatu walikuwa karibu kutupa kifaa kisicho na kosa.

Sikio halijahama

Sauti ni hewa inayotikisika. Mpiga nyatiti akivuta uzi, uzi unasukuma hewa, na hewa inakwenda kugonga ngoma ya sikio. Hakuna namba popote hapo. Spika hufanya kazi ileile kwa njia yake: umeme unaopanda na kushuka unaisukuma koni mbele na nyuma, na koni inasukuma hewa. Umeme huo, unaopanda na kushuka bila kukatika ukifuata umbo la sauti yenyewe, ndio unaoitwa analojia. Sikio la mwanasiasa wa dijitali na sikio la babu yake yote mawili ni analojia, na yatabaki hivyo.

Dijitali ni namna ya kuihifadhi sauti na kuisafirisha. Chukua mfano wa ziwa. Tuseme umesimika mti wenye alama majini pale Dunga, ukamkalisha kijana na daftari. Kila baada ya muda fulani anaangalia maji yamefika alama gani, anaandika namba. Daftari lile halina tone la maji, lina namba tupu. Lakini ukilipeleka Nakuru, mtu aliyekaa mezani huko anaweza kuchora upya jinsi maji yalivyopanda na kushuka siku nzima, bila kuliona ziwa. Kijana ni kifaa cha kurekodia. Daftari ni wimbo ulio kwenye flashi au kwenye mtandao. Na yule mchoraji wa Nakuru ndiye kisanduku chetu, ambacho wapenzi wa muziki hukiita DAC, wakiitamka “dak”.

Ubora wa daftari unategemea mambo mawili: kijana anasoma mara ngapi, na alama za mti wake zimekaribiana kiasi gani. Diski za CD zilipoingia sokoni 1982, Philips na Sony walikubaliana sauti isomwe mara 44,100 kwa sekunde moja, na kila msomo uchague alama moja kati ya 65,536. Hizo alama 65,536 ndizo “biti 16” unazoziona zimeandikwa kwenye makasha.

Kwa nini 44,100? Kwa sababu sikio zima la kijana husikia mitetemo hadi kama 20,000 kwa sekunde (letu sisi tuliopita arobaini limeshapungua, tusijidanganye), na hesabu inasema ukilisoma wimbi zaidi ya mara mbili kila linapopanda na kushuka, namba zako zinatosha kulichora lilivyokuwa. Kama wimbi la haraka kabisa unalotaka kulinasa linamaliza mzunguko mmoja kwa dakika, kijana wa Dunga akisoma mara tatu kwa dakika, kazi imekwisha. Kumtuma asome mara mia hakulifanyi wimbi lile kuwa sahihi zaidi.

Nisimame kidogo hapa, maana ndipo uongo mkubwa kuliko wote ulipolala. Utaonyeshwa picha ya wimbi laini upande mmoja, na upande wa pili ngazi zenye kona, uambiwe kwamba ngazi ndizo sauti ya dijitali na kwamba DAC ya bei inapunguza kona. Sivyo. Mchoraji hajengi ngazi wala haunganishi nukta kwa rula. Anapitisha mkunjo laini, na ukishakataza mawimbi ya haraka kupita kiasi, ni mkunjo mmoja tu unaoweza kupita kwenye nukta zote. Kinachotoka kwenye tundu jekundu la kisanduku cha shilingi 1,200 ni mkunjo. Ngazi zinabaki kwenye tangazo.

Tayari unazo DAC nyingi nyumbani

Simu yako ina DAC, vinginevyo usingesikia hata mlio wa ujumbe. Runinga inayo, kwa ajili ya spika zake yenyewe. Dikoda yenye matundu ya rangi inayo. Kompyuta inayo. Spika ya Bluetooth inayo, na hili watu wengi hawalijui: ukituma wimbo kwa Bluetooth, simu inatuma namba tu, na kuchora kunafanyika ndani ya spika. Ukiwa na simu yenye DAC ya ajabu ukacheza kwa Bluetooth, hiyo DAC ya ajabu imelala usingizi.

Kwa hiyo “kununua DAC” maana yake ni kununua nyingine ya nje, ama kwa sababu kifaa chako hakina tundu la analojia, kama runinga ya shemeji, ama kwa sababu iliyo ndani ina kelele. Sababu ya kwanza ni ya kweli kabisa. Ya pili ni ya kweli mara chache kuliko inavyosemwa.

Simu nazo zina mkanganyiko wao. Tangu iPhone 7 ya 2016 ilipokuja bila tundu la hedifoni, kampuni nyingi zilifuata, na sote tukaanza kununua vile viwaya vifupi vya kuunganisha. Viwaya hivyo ni vya aina mbili vinavyofanana kama mapacha. Kimoja kina DAC ndogo iliyofichwa kwenye kichwa cha plagi. Kingine ni waya mtupu, kinategemea simu yenyewe itoe analojia kupitia tundu la chaji. Ukikitia cha aina ya pili kwenye simu isiyotoa analojia, unapata kimya, na muuzaji anasema simu yako imeharibika. Kile cha Apple, kinachouzwa dola 9 kule Marekani, ni cha aina ya kwanza, na kikipimwa kwa vyombo kina usafi wa sauti unaoviaibisha visanduku vikubwa vyenye taa za buluu. Ila ukikichomeka kwenye simu nyingi za Android sauti hutoka chini, kwa hiyo usikikimbilie bila kukijaribu.

Kisanduku kiko, sauti hakuna

Turudi Lanet. Kisanduku cha shemeji ni kile cha kawaida: kidogo kuliko pakiti ya sigara, cha bati jeusi, upande mmoja tundu la waya wa mwanga na tundu dogo la umeme wa volti 5, upande wa pili jekundu na jeupe. Waya wa mwanga ni ule wa plastiki ambao Toshiba waliuleta 1983. Namba zinasafiri ndani yake kwa mwanga mwekundu unaowaka na kuzimika haraka. Ukichungulia tundu la runinga unauona wekundu huo kwa macho.

Nilimwuliza kwanza, “Mwanga unauona ukichomoa upande wa kisanduku?”

“Nauona, shemeji.”

“Ncha za waya umezitoa kofia?”

Kimya. “Kofia gani?”

Nilimwuliza kwa sababu kosa hili nimelifanya mwenyewe. Waya wa mwanga ukiwa mpya huja na kofia ndogo za plastiki kwenye ncha zote mbili, na kofia nyingine ni angavu kiasi kwamba ukiwa na taa moja ya sebuleni huzioni. Mimi nilitoa moja, ya pili nikaisukuma ndani ya runinga pamoja na ncha yake. Mwanga ulikuwa unapenya kidogo. Sauti ikawa inakuja na kuondoka, nikigusa waya inarudi, nikikaa kwenye kiti inakatika. Siku mbili nilikilaani kisanduku. Fundi mmoja wa mjini alikitazama akasema chipu imeungua. Aliyeiona kofia ni mtoto wa jirani, aliyekuja kutazama mpira, akauliza kwa nini waya wangu haujaingia wote.

Shemeji alikuwa amezitoa kofia zote, kumbe aliziona ni taka tu. Tukaenda kwenye sababu ya pili, na kwa uzoefu wangu ndiyo inayoua visanduku vingi visivyo na hatia: lugha.

Namba za kwenye waya zinaweza kuandikwa kwa namna mbili. Ya kwanza inaitwa PCM, nayo ni daftari la kijana wa Dunga likiwa wazi, namba moja baada ya nyingine. Ya pili ni Dolby au DTS. Hapo daftari limekunjwa na kufungashwa ili sauti za spika tano au sita zienee kwenye waya mmoja. Kisanduku cha bei ya chini kinajua PCM peke yake. Kikiletewa furushi la Dolby hakijui kulifungua, kinanyamaza, au kinatoa kelele kali kama mafuta yanayokaanga. Mara nyingi hata kwenye karatasi yake imeandikwa kwa herufi za kusoma kwa darubini kwamba hakipokei Dolby wala DTS.

Dalili yake ni rahisi kuitambua: habari zinasikika, YouTube inasikika, ukifungua filamu, kimya. Au kimya kila mahali, kwa sababu runinga imewekwa itume Dolby daima. Dawa ni ya bure. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya runinga, tafuta mstari wa sauti ya dijitali inayotoka nje, ukikuta umeandikwa Auto au Dolby, uweke PCM.

“Nimeona,” shemeji akasema. Nikasikia vidole vyake kwenye rimoti. Kisha kupitia simu nikasikia rhumba, kwa nguvu, na mtoto mmoja akipiga kelele za furaha, na dada yangu akiuliza ni nani anataka kuvunja nyumba.

Hilo la nguvu nalo lina maelezo. Kwenye runinga nyingi, sauti inayotoka kwa waya wa mwanga haitawaliwi na rimoti ya runinga. Inatoka kwa kipimo kimoja, na wewe unapunguza kwenye wufa. Wapo wanaobonyeza rimoti, wakaona mstari unashuka na kelele haishuki, wakahitimisha kisanduku ni kibovu. Na kabla sijasahau: tundu la USB la runinga nyingi ni la kusomea flashi, halitoi sauti, kwa hiyo DAC ya USB uliyoiona kwa mwenzako mwenye kompyuta huenda isikufae hata kidogo.

Mngurumo, na pawabenki kama fundi

Lalamiko la pili ninalolisikia ni kelele: mngurumo wa chini usioisha, au mlio mwembamba kama wa mbu. Huo kweli si wa kuvumilia, lakini mara nyingi hautoki kwenye DAC. Unatoka kwenye umeme unaoilisha.

Kisanduku kinahitaji volti 5. Watu hukichomeka kwenye chaja yoyote iliyokuwa kabatini, au kwenye USB ya runinga yenyewe. Chaja duni hutoa volti 5 zilizochanganyika na takataka, na takataka hizo zinaingia kwenye mchoro kama maji machafu yanavyoingia kwenye ugali: unga uwe mzuri namna gani, utauona tu. Jaribio ni moja na halina gharama. Chomoa chaja, kilishe kisanduku kwa pawabenki. Kelele ikiisha, mwenye kosa ni chaja, na chaja nzuri ya simu kutoka kampuni inayojulikana itamaliza shida yako kwa pesa kidogo. Baadhi ya pawabenki hujizima zikiona mzigo ni mdogo mno, kwa hiyo muziki ukikata baada ya nusu dakika usianze kulaumu kisanduku tena.

Mngurumo mzito una chanzo kingine. Umeme wetu unatikisika mara 50 kwa sekunde, na vifaa viwili vilivyounganishwa kwa waya wa chuma huku kila kimoja kina njia yake ya kwenda ardhini, kwenye soketi mbili tofauti au kupitia waya wa dishi, hutengeneza duara ambalo umeme mdogo huzungukia. Wufa inaukuza ule mtikisiko, nawe unausikia. Waya wa mwanga una faida kubwa hapa: plastiki haipitishi umeme, kwa hiyo duara linakatika. Mwenye kompyuta na DAC ya USB hana bahati hiyo. Yeye achomoe chaja ya kompyuta muziki ukiwa unacheza, asikilize. Mngurumo ukikoma papo hapo, ameshajua. Usithubutu kukata pini ya ardhi kwenye plagi ili kuumaliza mngurumo, kama ninavyoona ikishauriwa. Pini ile iko pale kwa ajili ya uhai wako.

Chipu, nambari kubwa na wati za uongo

Muuzaji aliyemtajia shemeji “chipu ya maana” alikuwa anafanya alichofundishwa. Majina ya watengenezaji wa chipu, ESS, AKM, Cirrus Logic na Burr-Brown, hutajwa kama watu wanavyotaja timu za mpira. Oktoba 2020 kiwanda cha AKM kilichoko Nobeoka, Japani, kiliungua, chipu zao zikaadimika, na kampuni kadhaa za vifaa vya sauti zikalazimika kubadilisha michoro yao na kutumia za wengine. Mimi nilichojifunza hapo ni kwamba kifaa kinaweza kubadilishiwa chipu na kikaendelea kuwa kizuri, au kikaendelea kuwa kibaya. Chipu ni unga. Maji, moto na mkono wa mpishi, yaani umeme unaoilisha na saketi inayotoa sauti nje, ndivyo vinavyoamua.

Nambari nazo. Kwenye kasha la kisanduku cha 1,200 tayari imeandikwa 192 kHz (yaani misomo 192,000 kwa sekunde) na biti 24. Ni kweli kinazipokea. Lakini biti 16 peke yake zinakupa upana wa desibeli kama 96 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Sebule iliyotulia ina kelele zake za desibeli 30 hadi 40. Ili uutumie upana wote wa CD juu ya kelele hizo, kilele cha wimbo kitafika desibeli 130, ambapo masikio yanauma na majirani wanaita mzee wa mtaa. Hapo sijataja bodaboda za Kondele. Sijataja pia mvua ya saa kumi alasiri juu ya mabati ya Kakamega, ambayo hakuna DAC iliyotengenezwa bado ya kushindana nayo. Biti 24 zina kazi kubwa studio, ambako fundi anaongeza na kupunguza sauti mara mia kabla hajamaliza. Kwa msikilizaji zinaongeza ukubwa wa faili.

Na wufa zenyewe, zilizoandikwa wati elfu kadhaa za PMPO, yaani nguvu ya kwenye tangazo tu, huku plagi yao ni nyembamba kama ya redio, nadhani kila mtu ameshazizoea.

Kitu kinachoharibu sauti kweli kwenye nyumba zetu ni wimbo wenyewe. CD inabeba biti 1,411,200 kwa sekunde. Benga ile uliyojaziwa kwenye flashi na kijana wa muvi shopu imepitia mikono mingapi? Mtu aliitoa kwenye kaseti, mwingine akaibana hadi biti 128,000 kwa sekunde, akaipandisha YouTube, mwingine akaishusha na kuibana tena. Gita la pili limebaki kama mtu anayeimba ndani ya pipa. DAC itauchora uharibifu huo kwa uaminifu mkubwa. Kijana wa Dunga akiwa alisinzia, mchoraji wa Nakuru hawezi kujua maji yalifika wapi.

Kuhusu waya wa mwanga wa bei ghali nitasema kwa ufupi: mwanga ukifika, umefika. Ukishindwa, utasikia sauti inakatika na kuchacharika. Waya mbovu haukupunguzii utamu wa besi.

Basi ni lini ukibadilishe?

Zipo sababu za haki. Kisanduku kikikata au kuchacharika hata baada ya kujaribu waya mwingine na pawabenki, kimekufa, kizike. Mngurumo ukibaki kisanduku kikiwa kwenye pawabenki na waya wa mwanga, na ukatoweka ukichomoa waya mwekundu na mweupe kwenye wufa, kibadilishe. Kikitoa sauti dhaifu kiasi kwamba unafungua wufa hadi mwisho, hiyo pia ni sababu. Vichezeshi vya CD vya nyumbani hutoa kama volti 2, na baadhi ya visanduku vidogo hutoa nusu ya hapo. Wufa ikifunguliwa sana inakuza na kelele zake yenyewe.

Au labda unataka kazi ambayo cha zamani hakina: kupokea Bluetooth ili watoto wacheze nyimbo zao, kuwa na rimoti ya sauti, kufungua Dolby, kupokea sauti kutoka tundu la HDMI lililoandikwa ARC kwa sababu runinga yako haina la mwanga. Kwa hilo la ARC uliza vizuri, kwa kuwa visanduku vingi vyenye tundu la HDMI hutoa sauti ya dikoda inayoingia tu, na ile ya ARC inayorudi kutoka kwenye runinga havina habari nayo. Mwenye hedifoni kubwa ngumu kuendesha naye anahitaji kifaa chenye nguvu zaidi, na hapo pesa inaenda kwenye kikuza sauti kuliko kwenye DAC.

Kama hakuna hata moja kati ya hizo, na unachotaka ni “sauti nzuri zaidi” tu, mimi ningeiweka 9,000 kwenye spika. Tofauti kati ya spika mbili husikika hata ukiwa jikoni. Na kabla ya spika, ningelisogeza sanduku la besi kutoka kwenye kona, maana kona huvimbisha besi hadi inameza maneno, kisha ningetundika pazia nzito kwenye ule ukuta mtupu wa mawe.

Shemeji hakunisubiri nimalize kusema hayo yote. Siku moja kabla ya simu yetu alikuwa ameshakinunua kile cha 9,000, akaogopa kumwambia dada yangu, na duka likakataa kukirudisha kwa sababu kasha lilikuwa limefunguliwa. Akakituma Kisumu kwa matatu, kimefungwa ndani ya gazeti, na ujumbe: “Wewe mjuaji, sikiliza, uniambie.”

Nikakichomeka na changu cha zamani kwenye wufa moja. Kwa sikio tu, kile kipya kilishinda bila ubishi: besi nene, sauti ya mwimbaji mbele. Halafu nikachukua mita ya fundi, nikacheza mlio mmoja usiobadilika, nikapima volti kwenye waya za spika. Kipya kilikuwa kinatoa karibu mara mbili ya cha zamani. Hiyo ni desibeli 6, na sikio la binadamu likiongezewa sauti huita ubora. Wauzaji wanalijua hili kuliko wahandisi.

Nikapunguza kipya mpaka mita ikasoma sawa kwa vyote. Nikageukia ukuta, nikampa binti yangu kazi ya kubadilisha waya kwa siri na kuandika kwenye karatasi, mara kumi, wimbo uleule wa benga kutoka CD halisi, nami nitaje kila mara ni kipi kinacheza. Nilipatia mara sita. Binti akaitazama karatasi yake, akasema hata yeye akirusha shilingi juu angepata sita, na akaniuliza kama sasa anaweza kuwasha katuni.